Mashindano ya magari yana somo kwa gereji za Tabata

Katika gereji za Tabata, kama zilivyo za Kinondoni na Temeke, magari mengi yanayofunguliwa na kufungwa kila siku yametengenezwa Japani. Wapo wasemao kwamba sababu ni bei tu. Bei ni sababu, lakini haielezi kwa nini magari hayo yamevumilia mashimo, vumbi na matope ya Afrika Mashariki. Sehemu ya maelezo hayo imo katika historia ya mashindano ya Safari, ambayo wengi huyakumbuka kama burudani ya Pasaka, lakini ambayo kwa hakika yalikuwa mtihani mkali wa viwanda vya dunia.

Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1953, na kwa takriban miaka ishirini njia zake zilipita pia katika ardhi ya Tanganyika, na baadaye Tanzania. Magari yalikwenda usiku na mchana, maelfu ya kilomita, katika barabara zile zile za wananchi. Mwaka 1963 ni magari 7 tu yaliyomaliza safari. Mwaka 1968 idadi ikawa ile ile, 7. Katika mtihani wa namna hiyo tangazo la biashara halina nguvu: gari limefika au halikufika.

Peugeot ya Ufaransa ilifaulu mapema. Gari lake la 404 lilishinda mwaka 1963, kisha mwaka 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, na tena mwaka 1968. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini mgema huyu hakupewa nafasi ya kulewa sifa, kwa kuwa nyuma yake alikuwapo mshindani. Nissan ya Japani iliingia Safari mwaka 1963 bila kupata ushindi. Haikususa. Ilirudi tena na tena, na mwaka 1970 Datsun ikashika nafasi ya kwanza. Mwaka 1971 na 1973 ilishinda kwa gari lake la michezo, 240Z. Hivyo Mjapani alihitaji miaka saba ya kushindwa na kujirekebisha kabla ya kuvikwa taji.

Hadithi ile ile ilijirudia katika miaka ya 1980. Audi ya Ujerumani ilileta mfumo wa injini kuzungusha magurudumu yote manne, pamoja na mtambo wa kushindilia hewa ndani ya injini, ambao mafundi huuita tabo. Toyota ilishinda Safari mwaka 1984, 1985 na 1986 kwa Celica iliyosukumwa na magurudumu mawili tu, lakini mwaka 1987 Audi ikatwaa ushindi, na Lancia ya Italia ikafuata mwaka 1988 na 1989. Toyota haikung'ang'ania silaha ya jana. Mwaka 1990 ilirudi kileleni na Celica yenye tabo na nguvu katika magurudumu yote manne.

Aidha, ushindani huo haukuishia kwa madereva mashuhuri. Katika miaka ya 1990, Subaru na Mitsubishi ziliposhindana kwa Impreza na Lancer, kanuni zilivitaka viwanda vitengeneze maelfu ya magari ya aina hiyo na kuyauza kwa watu wa kawaida. Ndiyo sababu tabo na mfumo wa magurudumu manne uliojaribiwa katika mashindano huonekana leo katika magari yaliyotumika yanayoteremshwa bandarini Dar es Salaam, na fundi hukutana nao chini ya mwembe.

Hata hivyo, ushindani usio na mipaka ni hatari. Katikati ya miaka ya 1980 nguvu za magari ya mashindano zilipita uwezo wa binadamu kuyatawala. Mwaka 1986 watazamaji waliuawa nchini Ureno, na dereva Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto walikufa katika kisiwa cha Corsica. Magari ya kundi hilo yalipigwa marufuku katika ubingwa wa dunia kuanzia mwaka 1987. Kwa hiyo kilicholeta maendeleo ni kushindana chini ya kanuni moja, mbele ya mtihani usiopendelea.

Hapana budi kuulizwa: ni nani aliyevuna? Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, zote kwa magari ya Nissan. Barabara zilikuwa za Afrika Mashariki, na ujuzi wa kuzisoma ulikuwa wa watu wake. Lakini daftari la kumbukumbu lilikuwa la kiwanda, na kiwanda kilikuwa ng'ambo. Elimu huwa mali ya yule aliyeiandika.

Hapo ndipo fundi wa Tabata anapohusika. Anajua ni springi ipi huvunjika kwanza na ni kipuri kipi cha bandia kisichomaliza mwezi. Ujuzi huo ni mkubwa, lakini umo kichwani mwake, na akistaafu hustaafu nao. Mshindani wake wa jirani naye hushindana kwa bei tu, kwa sababu hakuna anayepima ubora wa kazi ya mmoja dhidi ya mwingine.

VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza nje ya darasa. Utaratibu huo wastahili kufika katika kila gereji bubu. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kiko Mabibo, si mbali na Tabata, na Nyumbu iko Kibaha. Vyombo hivyo vikiandaa mashindano ya mafundi yenye kanuni na waamuzi, na kuandika yanayopatikana humo, walimu wa ufundi watapata kitabu kilichotokana na barabara za nchi yao wenyewe.

Kuanzia mwaka 2021 hadi 2025, Toyota ilishinda Safari nchini Kenya kila mwaka. Barabara za Afrika Mashariki zinaendelea kufundisha. Lililobaki ni wenye barabara nao kuwa wanafunzi.