Kumtegemea Mungu si kukunja mikono

Kama, kama sehemu nyingine za teritware ya Pangi katika jimbo la Maniema, ina watu wanaoishi kwa kuchimba dhahabu kwa mikono. Kazi hiyo inataka nguvu, na nguvu huzaa kiburi. Mvua ikinyesha na udongo ukilegea, mchimbaji huambiwa na wenzake atoke shimoni. Hujibu: "Mimi najua kazi yangu." Jumapili huimba kwamba Mungu ndiye kinga yake; Jumatatu hasikii onyo la mtu.

Huko si kumtegemea Mungu. Petro alikuwa mvuvi hodari, lakini alikesha usiku mzima bila kupata samaki. Luka, sura ya 5, inaeleza kwamba alishusha tena nyavu kwa sababu tu Yesu alimwagiza. Hapo hakukunja mikono, aliacha ubishi.

Mungu huonya kupitia mke, mzee wa kanisa, hata kijana mdogo kazini. Anayemwamini kweli hutoka shimoni anapoonywa, hata akiona dhahabu imekaribia. Dhahabu itangoja. Watoto wakifiwa na baba, hawatapata mwingine.