Aliyeumwa na Nyoka

Kila ninaposikia mtu akiambiwa, "Jikaze, hayo yalikwisha zamani," hasira hunipanda. Nusu ya hasira hiyo ni juu ya msemaji. Nusu ya pili ni juu yangu mwenyewe.

Nilikuwa na mwalimu mwenzangu aliyekuwa mgambo. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, aliitwa, akaenda. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na vijana wetu waliporejea tuliwapokea kwa ngoma na vigelegele. Ngoma ziliponyamaza tukadhani kazi imekwisha.

Miaka michache baadaye nikawa mwalimu mkuu wake. Mtoto akibamiza dawati, yeye huyo chini ya meza. Usiku alikuwa halali. Habari za vita zikitajwa aliondoka barazani bila kuaga. Mwishowe akaanza kunywa pombe ili apate usingizi. Nilimwonya mara tatu; mara ya nne niliwaandikia wakubwa kwamba ni mlevi, mzembe, hafai. Akaachishwa kazi. Barua ile ina sahihi yangu.

Leo najua alikuwa mgonjwa. Madaktari wanauita ugonjwa huo msongo wa baada ya kiwewe. Tukio la kutisha humrudia mtu katika ndoto na hata akiwa macho, si kama kumbukumbu bali kana kwamba linatokea sasa hivi. Hukimbia kila kinachomkumbusha, na mwili wake hukesha ukingoja hatari. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja na kumharibia maisha, haifai kuiita woga.

Wako wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Jina, ndiyo: madaktari wa akili wa Marekani waliliandika katika kitabu chao cha magonjwa mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam. Lakini wahenga wetu walikwisha sema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Waliujua ugonjwa huu. Sisi tuliosoma ndio tuliousahau.

Wengine huuliza, mbona wenzake walirudi wazima? Ni kweli, wengi waliopatwa na makubwa hupona wenyewe. Lakini mbu huuma kijiji kizima, na homa kali ikawalaza baadhi. Nani humcheka mwenye homa?

Wapo pia wanaokimbilia kusema ni mapepo, na wanaodhani vidonge vya usingizi vinatosha. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa za kundi la diazepamu zisitumiwe kutibu msongo mkali katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Zipo dawa nyingine, kama setralini, zinazowasaidia baadhi ya wagonjwa. Lakini tiba iliyothibitika zaidi ni mazungumzo yenye utaratibu: mgonjwa, akiwa mahali salama na mbele ya mtu aliyefunzwa, hulisimulia tukio hatua kwa hatua hadi likubali kuwa jambo lililopita. Wala msiniambie hayo ni ya matajiri. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wenyewe walifunzwa kuwatibu wenzao kwa njia ya kusimulia maisha, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba walisaidika.

Basi kama wakimbizi wameweza, vyuo vyetu vya ualimu vina udhuru gani? Mimi nilifundishwa chuoni kuandaa azimio la kazi na andalio la somo. Sikufundishwa kumtambua mtoto aliyeokolewa motoni, aliyebakwa, au aliyeona ndugu zake wakizama. Watoto hao wako madarasani. Wanaduwaa, wanashtuka, wanapigana, nasi tunawaita watundu na kuwachapa. Huko ni kutonesha kidonda kisha kumlaumu mwenye kidonda kwa kupiga kelele.

Husemwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mwenzangu hakuficha chochote. Alituonyesha maradhi yake kila siku, pale chini ya meza, mbele ya darasa zima. Tulioyaficha ni sisi, ndani ya bahasha ya serikali. Alifariki kabla sijajua la kumwambia.

Wewe bado unaye wako. Usimwambie ajikaze. Mpeleke hospitali, na uende naye.