Nani Kasema Guanyin Alikosewa?

Waandishi wenzangu mnaotembea na Canon shingoni, mnajua mmebeba jina la nani? Mwaka 1934 mafundi wa Tokyo walipotengeneza kamera yao ya majaribio waliiita Kwanon, na kwenye nembo wakamchora Kannon, yule mwenye mikono elfu. Mwaka 1935 jina likageuzwa kuwa Canon. Mimi miaka yote nilidhani ni neno tu la kiwandani.

Basi nikaanza kumfuatilia huyo Kannon, nikakutana na jambo lililonikera. Karibu kila anayemweleza hukimbilia kusema: asili yake ni mwanamume, Wachina ndio waliomgeuza mwanamke. Husemwa kwa ushindi, kama vile wamemkamata mtu na cheti feki.

Ni kweli, India aliitwa Avalokiteshvara na alichongwa kama mwanamfalme, mara nyingi ameshika ua la lotasi. Ni bodhisatva, yaani yule anayeweza kuwa Budha akapumzika zake, lakini akabaki kwa ajili ya wanaoteseka. Wachina wakamwita Guanyin, anayezitambua sauti: sauti za wanaolia. Ile mikono elfu, yenye jicho katika kila kiganja, ni kwa ajili hiyo hiyo. Vilio ni vingi, mikono miwili haitoshi. Hata China alichorwa kwanza na masharubu. Ni kuanzia enzi ya Song (960-1279) ndipo sura ya kike iliposhika kasi.

Sasa tusome wenyewe. Sutra ya Lotasi, ambayo Kumarajiva aliitafsiri kwa Kichina mwaka 406, inamzungumzia katika sura ya 25. Humo inasema hujitokeza kwa umbo lolote linalomfaa anayesaidiwa: mfalme, mtawa, mtoto, na mwanamke pia. Maumbo 33 kwa hesabu ya wengi. Maandiko yalitoa ruhusa karne nyingi kabla ya wachongaji. Kosa liko wapi?

Mimi ugomvi wangu uko kwingine. Wachina wanasimulia kwamba Guanyin alikuwa binti mfalme, Miaoshan, aliyekataa kuolewa. Baba akaamuru auawe, akanusurika. Baadaye baba akaugua, na dawa ikawa macho na mikono ya mtu asiye na hasira. Binti akatoa vyake, ndipo akadhihirika kuwa Guanyin wa mikono elfu. Hadithi hiyo ilichongwa kwenye jiwe huko Henan mwaka 1100.

Hapa nagawanyika. Wasichana wa viwanda vya hariri kule Guangdong, walioapa kutoolewa, walimheshimu sana Guanyin, na naelewa kwa nini: alikuwepo mmoja mbinguni aliyesema hapana kabla yao. Lakini jamani, baba katili anapona na binti analipa kwa mwili wake! Mbona hadithi haikumdai mzee hata kidole? Kama kuna mahali wanaume waliingiza mkono wao kwa Guanyin, mimi nashuku ni hapo, si kwenye sanamu.

Mwaka 2005 ilizinduliwa sanamu yake huko Sanya, kisiwani Hainan, yenye urefu wa mita 108, ndefu kuliko Sanamu ya Uhuru ya New York. Ni ya mwanamke. Sidhani kama wanaopiga magoti pale huulizia cheti cha kuzaliwa.