Mfanyakazi Bora Ateuliwe kwa Haki

Kila mwaka, tarehe 1 Mei, wafanyakazi bora wa idara, mashirika na viwanda vya Tanzania huitwa mbele ya wenzao kupokea vyeti na zawadi. Ni desturi njema, wala hatukubaliani na wanaoiona kuwa upotevu wa fedha. Fundi aliyezuia mtambo usisimame amekiokolea kiwanda chake saa nyingi za uzalishaji. Akitambuliwa hujitahidi zaidi, na kijana aliye kando yake hujifunza ni kazi ya namna gani inayothaminiwa.

Lakini faida hiyo hupatikana pale tu wenzake wanapojua kwa nini ameteuliwa. Mahali pengine sifa hiyo huzungushwa kwa zamu kama mchezo wa upatu. Pengine humwendea anayejipendekeza kwa mkuu wake. Hapo wachapakazi hulegeza mikono, na kiwanda hupata hasara mara mbili. Na ule mfano wa hundi, mkubwa kama mlango, ambao fedha zake bado hazijalipwa ifikapo Septemba, heri usingetolewa.

Mabaraza ya wafanyakazi, yaliyoanzishwa kwa Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970, yangalipo katika utumishi wa umma. Yapewe kazi ya kupokea majina kutoka kila sehemu na kuyajadili. Katika kampuni binafsi, tawi la chama cha wafanyakazi lishirikishwe vivyo hivyo. Sababu za uteuzi zibandikwe ubaoni kabla ya sherehe, ili mwenye pingamizi aseme mapema.