Kiti Si Bahati

"Shukuru, umepata chuo." Langoni nzima iliniambia hivyo. Niliomba uhandisi wa ujenzi, nikapewa sayansi ya jumla. "Ingia tu, utahamia mbele." Mwaka wa pili nikaambiwa uhandisi kumejaa. Nikaacha.

Mwaniita mvivu? Haya, sikilizeni. Gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, hapo ng'ambo tu. Kijana wa hapa akitaka kusomea ujenzi wa magati yajayo, anapangwa foleni isiyo na mlango. Matondoni, fundi wa majahazi humfunza mwanagenzi jahazi, hamwambii, "Kaa, kazi yako tutaijua mbele."

Basi msitupe viti mkaviita bahati. Aliyenyimwa aambiwe mapema kwamba amenyimwa, atafute njia nyingine kabla karo haijaliwa.