Kata Moja Yatosha

Juzi adhuhuri nilikuwa nangoja zamu ya kutawadha msikitini mtaani petu. Mbele yangu palikuwa na kijana. Alifungua mfereji mpaka mwisho, akakunja mikono ya kanzu polepole, akaitikia salamu ya mwenzake na kumuuliza habari za nyumbani, na maji muda wote huo yanakwenda. Sikumwambia neno, kwani asubuhi ile mimi mwenyewe nilifanya vivyo hivyo nyumbani kwangu.

Niliporudi niliweka ndoo ya lita 10 chini ya mfereji, nikatawadha kama ada yangu. Ndoo ilijaa kabla sijafika miguuni. Sala ni tano. Basi mimi peke yangu kwa siku namwaga zaidi ya lita 50, yaani mitungi miwili na nusu ya ile tunayouziwa na watu wa mikokoteni mifereji inapokauka!

Na Mtume (S.A.W.) je? Amepokea Anas bin Malik, katika Bukhari na Muslim, kuwa alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akikoga kwa pishi moja, yaani mudi nne, hadi mudi tano. Mudi moja haifiki lita moja. Ni nani kati yetu atakayedai kuwa udhu wake ni kamili zaidi?

Wazee wetu walikuwa na birika na kata ya kifuu cha nazi. Maji waliyavuta kisimani kwa ndoo na kamba, na mkono uliochoka kuvuta haumwagi ovyo. Mwenye kata hujua alichochota. Mwenye mfereji hajui.

Najua nitaambiwa kosa ni la wenye kugawa maji, kwamba bomba hupasuka njiani na siku zikapita halijazibwa. Ni kweli, wala simtetei mtu. Lakini kosa la mwingine si ruhusa ya israfu yangu. Sehemu ya maji ya Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, kule Tsavo, safari ya zaidi ya kilomita 200. Yafike kwangu niyamwage, na jirani wa ghorofani mfereji wake unatoa upepo? Hata visima vina mpaka. Pwani maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi. Tukiyavuta mno kwa pampu, chumvi hupanda, na kisima cha babu kikaharibika.

Dawa yake haina gharama kubwa. Kila bafu liwe na ndoo na kopo. Mpira wa mfereji ukichakaa, ubadilishwe siku hiyo hiyo. Maji yaliyooshea mchele na mboga yapewe mrihani na miasumini. Mvua za masika zikinyesha, tukinge maji ya mabati kwenye tangi badala ya kuyatazama yakienda baharini. Na kamati za misikiti ziweke makopo penye mifereji, na mfereji usifunguliwe ila kwa kujaza kopo.

Kwangu kopo limeshatundikwa bafuni. Watoto wananicheka, wasema baba amerudi zama za visima. Nawaacha wacheke. Jana usiku mfereji ulikauka, na ndoo yetu ilikuwa ingali imejaa. Alfajiri sote tulitawadha.