Jiko la makaa lahitaji banda nyuma ya nyumba

Huenda nawe, msomaji, huingiza jiko la makaa chumbani mvua inaponyesha. Kwa kuwa makaa yaliyoshika moto hayana moshi mwingi, wengi hudhani hayana madhara. Kumbe hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haionekani wala kunuka, na ambayo huwaua watu wakiwa usingizini.

Ikiwa una uwanja mdogo nyuma ya nyumba, waite marafiki watatu Jumamosi moja. Sisi tulitumia nguzo nne za mkalitusi, fito chache, mabati na misumari. Mashimo tulichimba futi mbili kwenda chini, na kufikia saa kumi jioni banda lilikuwa limesimama. Gharama kubwa ilikuwa chakula cha mafundi hao wa bure, waliokula kuliko walivyochimba!

Jirani alinishauri nizibe pande zote ili upepo usisumbue. Nilikataa. Banda lililozibwa ni chumba kingine tu, na gesi itajaa humo vilevile. Kinga upande mmoja unakotoka upepo, zilizosalia ziache wazi.

Kuna hatari nyingine ambayo hupuuzwa. Nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, hasa zile zenye rangi ya kijani, aghalabu huwa na aseniki. Vipande vinavyobaki usivitie jikoni hata ukikosa makaa. Moshi wake ni sumu. Majivu yake vilevile, kwa hivyo yasimwagwe kwenye sukumawiki.